Isale Lililoshuka Kutoka Uru

4 Mei 2025

Mzee Yusuph Shabani,

Shikamoo.

Hunifahamu, nami nimelipata jina lako nyuma ya picha. Mimi ni mwanafunzi hapa Uingereza, kwenye chuo kilekile ulichosoma wewe, na ni mtoto wa Moshi. Nimechaguliwa katibu wa Umoja wa Wanafunzi Weusi. Mwezi wa kumi Umoja unatimiza miaka hamsini, na tunaandaa maonyesho ya historia yake.

Picha yenyewe ni ya waasisi. Wamesimama kwenye ngazi za nyumba, wote na makoti makubwa, na mmoja amekatwa kwa wembe kuanzia kiunoni kwenda juu. Imebaki miguu yake, na kiganja chake kiko begani kwa mwenzake wa kulia. Nyuma kuna majina. Moja limekwaruzwa, lakini linasomeka, nalo ni lako.

Nilipouliza kwenye kamati kwa nini umekatwa, kila mtu alikuwa na lake. Siku hizi wenzangu hawajui hata Umoja ulianzishwa kwa ajili gani. Kuna wanaosema ni wa kupiga muziki na kupika wali wa kwetu, na wengine wanasema ni wa siasa. Tunagombana tu.

Naomba unieleze wewe uliyekuwepo. Nimeambiwa binti yako Hajira ana steshenari hapo Moshi, mtaa wa Pasua, ndiyo maana namtumia yeye akuchapie barua hii. Wewe andika kwa mkono tu, yeye ataipiga picha na kunitumia.

Kwa heshima,
Mektrida Kornel

*

11 Mei 2025

Binti Mektrida,

Marahaba.

Umeandika barua ndefu ukasahau kusema wewe ni mjukuu wa nani. Huku kwetu mtu hujitambulisha kwanza, ndipo aombe maji ya kunywa. Lakini usijisumbue. Mektrida ni jina la mama yake Sylvanus wa Uru, yule mama aliyenipa mtori kwenye bakuli la mti nilipopanda kwao mara ya kwanza. Mlimani mnarithishana majina kama mnavyorithishana vihamba, mashamba ya ukoo. Kwa hiyo wewe ni mjukuu wa Sylvanus, na bega lililobaki na kiganja changu ni bega la babu yako. Ulijua. Mwenye macho haambiwi tazama.

Haya, unataka historia.

Kabla ya Umoja, alikufa msichana mmoja wa visiwani, mweusi kama sisi, chumbani kwake, kwa homa. Hakuna aliyemgongea mlango hadi harufu ikawagongea wao. Chuo kikamzika. Mimi na babu yako tulipita barabarani tukaona gari la maiti halina mtu nyuma yake, tukavua kofia tukalifuata. Hatukumjua hata jina. Usiku ule tulipika ugali kwa unga wa semolina, ukatushinda, tukaula hivyohivyo, tukasema haiwezekani. Ndiyo asili ya Umoja wenu. Tuliandika sentensi moja tu: mtu mweusi asiugue, asifukuzwe wala asizikwe peke yake. Muziki ulikuja baadaye, na sikatai, ulikuwa mtamu.

Na kwa sentensi hiyohiyo walinikata kwa wembe. Walisema nimemuuza mwenzetu Ebenezeri.

Sasa nenda kamuulize babu yako. Si ndiye aliyekulea kwa hadithi hizo? Akikujibu, niandikie, nami nicheke. Nina miaka mingi sijacheka vizuri.

Yusuph Shabani

*

18 Mei 2025

Mzee Yusuph,

Shikamoo. Nimeona aibu mpaka nikaifunika barua yako. Ni kweli, nilijua na nilikuficha. Niliogopa ukisikia jina la babu hutanijibu.

Babu nimempigia. Alisema, "Yule alimuuza mtu, mjukuu wangu. Mwombee." Kisha akaniuliza kama nakula.

Nimezungumza na kamati. Wamekubali kulirudisha jina lako ukutani na kuifuta ile hukumu kwenye kumbukumbu zetu, ila wanataka ushahidi wako: uandike yaliyotokea, utie sahihi, ufike kabla ya sherehe. Bila hivyo wanasema hawawezi kumsafisha mtu kwa maneno ya katibu peke yake. Tafadhali andika, hata kama yanamgusa babu yangu.

Mektrida

*

2 Juni 2025

Mektrida,

Wanataka ushahidi! Siku ile waliponihukumu jikoni hawakuutaka. Lakini nitawaandikia, kwa sababu nimezeeka, na kuna watu sokoni ambao hadi leo nikiwapimia mchele wa Mabogini wananong'ona, "Huyo ndiye aliyemuuza mwenzake Ulaya." Hajira alitukanwa kwa neno hilo shuleni. Sitaki niliache duniani likimsubiri mjukuu wangu.

Sikiliza, ujue ninachoandika. Ebenezeri alikuwa anatafutwa na serikali ya kwao huko kusini mwa Afrika. Walikuwa wanaua watu. Chuo kilitaka kumkabidhi. Umoja ukasema ajifiche, lakini wenzetu hawakuambiwa wapi. Walijua watu wawili tu, waliobeba godoro hadi darini kwenye nyumba ya kikongwe mmoja mtaa wa nyuma: mimi na Sylvanus. Asubuhi moja polisi walikwenda moja kwa moja hadi darini, wala hawakubisha hodi nyumba ya jirani. Wakamrudisha kwao, akafia mahabusu. Basi hesabu mwenyewe. Mimi najua sikusema.

Jioni Umoja ukakaa jikoni. Babu yako akasimama, akasema aliniona nikitoka kwa mkuu wa chuo. Alilia wakati anasema, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Ndipo wenzangu wakageuza viti mmoja mmoja, wakanipa migongo. Sylvanus aligeuza cha mwisho. Nikarudi Moshi bila digrii, yeye akaongezewa ufadhili akarudi na mbili.

Nasikia sasa anakaa benchi la mbele kanisani. Sawa. Ila hata jani moja la isale, la kuomba msamaha, halijashuka kutoka Uru kuja Pasua. Mama yangu, aliyezaliwa hukohuko Uru kabla hajaolewa mjini akasilimu, alilisubiri hilo jani hadi anakata roho. Kila mgeni akibisha hodi alikuwa ananiambia, "Nenda wewe ukafungue." Mimi sasa silisubiri. Maadamu halikuja, mdomo wangu ni wangu.

Nimeanza kuandika ushahidi. Nimefika pale kwenye godoro.

Yusuph

*

9 Juni 2025

Kindness dada,

Mambo? Nina kazi moja nyeti sana, na usimwambie Babu wala mtu yeyote hapo nyumbani.

Kuna mzee Pasua anaitwa Yusuph, rafiki wa Babu wa zamani, waligombana vibaya. Nimesoma barua yake nikalia. Kinachomuuma kuliko vyote ni kwamba Babu hajawahi kumpelekea isale. Mama yake alikufa akilisubiri! Babu unamjua, kiburi chake hakimruhusu. Basi tumsaidie.

Kata isale pale kwenye kaburi la Bibi Mektrida, lifunge fundo kama walivyotufundisha utotoni, umpelekee. Mpe kwa mikono miwili, useme tu, "Limetoka nyumbani kwa Sylvanus." Usiongeze neno. Si uongo, kwani limetoka.

Mwaka jana niliwaeleza wenzangu huku habari za isale kwenye usiku wetu wa utamaduni, wakapiga makofi sana. Nadhani hii ndiyo maana halisi ya Umoja.

Nakupenda,
Mektrida

*

19 Juni 2025

Mjukuu wangu Mektrida,

Ndiyo, leo nakuita mjukuu.

Limekuja! Jana alasiri nilikuwa nimekaa nje ya steshenari ya Hajira, akaja msichana wa kwenu, ananyoosha mikono yote miwili. "Limetoka nyumbani kwa Sylvanus." Bichi, limefungwa fundo. Nililipokea nikalibana kifuani. Hajira alidhani nimepatwa na presha. Nilikuwa nalia tu, mwanangu, nalia kama mtoto aliyepotezwa gulioni akapatikana.

Nimelichomeka kwenye glasi juu ya kabati, chini ya picha ya mama yangu.

Kuhusu ushahidi, waambie kamati wasinisubiri. Nimeuchana. Ukipokea isale umeachilia. Huwezi kulipokea kwa mkono huu na kumshtaki mwenye nalo kwa mkono ule. Wala hauhitajiki tena. Mtu aliyetuma isale amekiri, na aliyekiri atasema mwenyewe. Sylvanus atawaambia kwa mdomo wake, na itapendeza zaidi kuliko mimi mzee wa mchele kuwaandikia kwa hasira.

Jumamosi napanda Uru. Hajira amenipigia pasi kanzu. Nawapelekea mchele, maana huwezi kwenda kwa rafiki mikono mitupu.

Wako,
Yusuph

*

22 Juni 2025

Mjukuu wangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe.

Jana nilipata mgeni. Nilikuwa na majirani, tunakunywa kata ya pombe ya mbege baada ya kuchuma kahawa, akatokea Yusuph na kanzu nyeupe na mfuko wa mchele. Akaniita "ndugu yangu." Akasema ameliona jani langu. Nikamtazama, nikasikia Kindness analia jikoni, nikajua mara moja ni akili ya nani.

Una elimu, Mektrida, lakini ya nyumbani ulisomea kwenye sherehe tu. Ungeniomba ruhusa ningekufokea, na ningekosea sana. Umenifanyia wema ambao mimi mwenyewe sikuthubutu kujifanyia. Nilikuwa nafahamu mnamwomba aandike. Mwenyekiti wenu aliniandikia kwa adabu kuniuliza kama nina la kusema. Kwa kweli nilikuwa silali. Sasa nalala. Mama yake Yusuph alimlea vizuri, na mtu aliyelelewa vile akishapokea isale hasemi tena.

Nimemkumbatia mbele ya majirani wote. Primus, jirani yangu, ametupiga picha nzuri, naiambatanisha. Nitawasemesha kwenye sherehe kwa video kama mwenyekiti alivyoomba, na nitawaambia mimi na Yusuph tumesameheana. Watafurahi. Vijana wanapenda mambo yanayoisha vizuri.

Usimsumbue tena. Kula, jifunike vizuri.

Babu yako,
Sylvanus

*

23 Juni 2025

Mzee Yusuph,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Babu hakutuma isale. Nililituma mimi, kupitia kwa dada yangu Kindness, aliyelikata kwenye kaburi la Bibi Mektrida. Niliposoma barua yako niliona unalitamani tu, sikuona ulichokuwa unaniambia. Nilidhani ni zawadi. Nilidhani nakufariji!

Kwa hiyo halihesabiki, sivyo? Mwenye kosa hajaomba chochote. Tafadhali andika upya ule ushahidi, muda bado upo. Kama hukumbuki ulipofikia, ulikuwa kwenye godoro. Nitasimama mbele ya kamati niseme ni mimi niliyekosea, na Babu anikatae akitaka. Andika, Mzee wangu. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti, na si maneno tu, nimepiga kweli.

Mektrida

*

1 Julai 2025

Mektrida,

Inuka, sakafu za huko ni baridi.

Ulichoniandikia nilishakijua. Nikueleze ilivyokuwa. Nilipomwita ndugu yangu alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Nikaona hajui. Mchele ukaniponyoka mkononi. Kisha nikaona anaelewa, nayo ilichukua muda mfupi sana, babu yako alikuwa na akili kuliko sisi wote. Akainuka, akanikumbatia kwa nguvu. Majirani wakapiga vigelegele. Na akininong'oneza sikioni, kwa Kichagga cha mama zetu, akasema, "Mimi sikutuma. Lakini umepokea."

Nikauliza, "Ebenezeri je?"

Akasema, "Walikuwa wananirudisha nyumbani bila digrii. Wewe ungefanyaje?" Halafu akageuka na kucheka na watu, akaagiza niletewe maziwa ya mgando kwa sababu mbege sinywi. Alikumbuka hata hilo. Nikayanywa.

Unauliza kama linahesabika. Jani limekatwa kwenye kaburi la mama yake, limebebwa na damu yake, nami nimelipokea kwa mikono miwili mchana kweupe. Isale haliulizi aliyelituma alikuwa na moyo gani. Linamuuliza aliyelipokea. Nikiandika sasa, babu yako atawaita wale majirani, nao watasema kweli tupu: huyu alipokea isale, akamkumbatia mtu, akanywa maziwa yake, kisha akaenda kumshtaki. Ndipo nitakuwa yule waliyemkata kwa wembe. Nimekaa miaka yote hii si yeye, sitaanza uzeeni.

Nilikuwa na kitu kimoja, Mektrida. Ilikuwa hasira yangu, na ilikuwa halali. Nililala nayo na kuamka nayo, nikawalea watoto nayo. Sylvanus alininyang'anya shule, marafiki na jina, lakini hiyo hakuipata, kwa kuwa ili aipate ilimbidi aje kuiomba. Wewe umeichukua ukampelekea bure.

Sikuchukii. Nasema tu ulichofanya, ukijue.

Lile isale limeota mizizi kwenye glasi. Hajira anauliza tulipande wapi.

Yusuph Shabani

*

UMOJA WA WANAFUNZI WEUSI
Ofisi ya Katibu

20 Oktoba 2025

Ndugu Yusuph Shabani,

Tunayo furaha kukuarifu kwamba sherehe ya miaka hamsini ya Umoja wetu ilifanyika Jumamosi na kufana sana. Muasisi wetu, Mzee Sylvanus, alizungumza nasi kutoka Uru, akatueleza kwa machozi jinsi alivyokupokea nyumbani kwake. Ukumbi mzima ulisimama.

Kwa kuwa hakuna ushahidi mwingine uliowasilishwa, na kwa ombi la Mzee Sylvanus mwenyewe, kamati imepiga kura kukusamehe. Uso wako, uliotolewa kwenye picha yenu mkiwa mmekumbatiana, umebandikwa mahali pake kwenye picha ya waasisi. Chini yake tumeandika: "Yusuph Shabani. Alikosea, akasamehewa. Katika Umoja hakuna anayeachwa peke yake."

Tunakutakia afya njema.

Kwa niaba ya kamati,
Mektrida Kornel
Katibu

Mzee wangu, haya ya chini naandika kwa mkono. Nilisimama niseme. Mwenyekiti akaniuliza nina shahidi gani. Nikakaa. Walipopiga makofi nami nilipiga. Nisamehe. Shikamoo.

*

27 Oktoba 2025

Marahaba.

Isale usilete.

Yusuph